Kipimo cha Marehemu

Jumapili, 2 Machi

Daftari hili nililinunua ili niandikie vipimo vya wateja. Wateja siku hizi wananunua nguo zilizoshonwa tayari, wanaleta kwangu zipu tu. Basi nitaandika yangu humu, karatasi isiozee bure.

Leo baada ya mahubiri Mchungaji alitusomea ombi la lile shirika la Kikristo la misaada tunalolichangia kila mwaka, lenye hospitali ya mahema katika nchi ya vita, ng'ambo ya mpaka. Mwaka juzi walitaka sabuni, mwaka jana blanketi. Safari hii wanataka magongo ya kutembelea, kwa ajili ya wagonjwa waliopoteza miguu kwa mabomu yaliyofukiwa ardhini. Lori la kanisa lifike huko kabla mvua haijaifunga barabara. Ikifungwa, hakuna kuingia wala kutoka mpaka masika yaishe.

Wengine walisikia habari za magongo, mimi nilisikia habari za lori. Binti yangu ni nesi katika hospitali hiyo. Mwaka wake unaisha mwezi huu, na atarudi na lori hilohilo. Likiwahi kwenda, atawahi kurudi. Likichelewa, nitakaa masika yote nikisikiliza taarifa ya habari kwa moyo ulioshikwa na koleo. Tunamwita Twiga tangu alipokuwa darasa la sita na akanipita kimo. Urefu alichukua kwa baba yake. Kwangu alichukua mdomo.

Katibu wa kanisa, mtu ambaye akikosa kikao wiki nzima anaumwa kichwa, akasimama na kuuliza nani atatengeneza hayo magongo. Kanisa zima likageuka kunitazama mimi, fundi cherehani. Najua walichokuwa wanatazama. Walikuwa wanamtazama shemeji yangu kupitia mgongoni mwangu.

Jumatatu, 3 Machi

Nimekwenda kwa shemeji. Ni mdogo wa marehemu mume wangu, seremala kama alivyokuwa kaka yake. Karakana ilikuwa yao wawili, na magongo ya hospitali yote ya hapa yalitoka mikononi mwao. Tangu tumzike mume wangu, mwaka wa pili huu, karakana ina kufuli, na shemeji anagongea watu miguu ya viti uani kwake ili apate cha kutia tumboni. Kanisani anaingia mlango ukikwama tu. Akiurekebisha anatokea kwa mlango huohuo kabla pambio halijaisha. Kwangu ndiyo kabisa, anaishia barazani. Nikimkaribisha ndani anasema viatu vyake vina vumbi la mbao. Mtu hajashika randa miezi na miezi, vumbi la mbao analitoa wapi?

Nilimkuta ameketi juu ya ndoo.

"Shemeji, kanisa linakuhitaji."

"Mlango umekwama tena?"

"Mlango mzima. Aliyekwama ni wewe."

Akacheka kidogo, kwa pua. Nikamweleza. Akasikiliza hadi mwisho, kisha akasema kazi hiyo ilikuwa ya kaka.

"Kaka yako hawezi kuja," nikamwambia. "Nimeshamngoja, nakwambia. Na Twiga anangoja lori."

Akaokota nyundo na mguu wa kiti. Niliondoka nimenuna, na njiani nilimsema peke yangu kama kichaa.

Alhamisi, 6 Machi

Hakuna jipya. Nimebadilisha zipu.

Jumamosi, 8 Machi

Asubuhi nimesikia msumeno. Nilitoka na uzi ukiwa bado mdomoni. Kufuli liko wazi! Shemeji anafagia karakana yote, na buibui wanahama kwa hasira.

Mbao zimepatikana bila jasho. Yale mabenchi ya zamani tuliyoyaondoa yalipokuja viti vya plastiki yalikuwa yamerundikwa nyuma ya kanisa, mti mgumu, hayajaliwa na mchwa. Katibu alitaka kiitishwe kikao cha kuyajadili. Mchungaji akasema mabenchi yamekaa chini ya mahubiri miaka yote hiyo, sasa acha yaende yakatende.

Shemeji ameshusha ukutani kipimo cha marehemu. Ni ubao mwembamba, mrefu, umeng'aa kwa kushikwa. Una alama mbili za kisu: ya juu ni kwapa, ya chini ni mshikio. Mume wangu alijipima mwenyewe siku alipoutengeneza, na alikuwa mtu wa kuinama kila mlangoni. Alikuwa akisema refu hupunguzwa, fupi haliongezwi. Shemeji aliufuta kwa kiganja, polepole, halafu akanigeuzia mgongo na kujifanya anatafuta penseli. Penseli ilikuwa sikioni mwake. Sikumwambia.

Jumatano, 12 Machi

Kazi inakwenda. Wanaume wa kanisa wanapasua na kupiga randa, shemeji anaunganisha, maana wao akiwaachia skrubu wanazipigilia kwa nyundo. Raba za chini zinakatwa kwenye matairi makuukuu. Sisi wanawake tunashona vimito vya kwapani, kwangu, cherehani nne sebuleni. Kelele kama kiwanda. Mke wa Mchungaji anajaza pamba mpaka kimito kinakuwa mpira. Nimemwambia mama, hicho ni cha kuegemea, si cha kupigia penalti. Amecheka akaendelea kujaza vilevile.

Jumapili, 16 Machi

Mawingu upande wa milimani. Dereva wa lori amesema tupakie Ijumaa. Nimefua mashuka ya chumba cha Twiga.

Jumanne, 18 Machi

Twiga amepiga simu. Mtandao wa kule unakuja na kwenda, kwa hiyo tunaongea kama watu wanaokimbizwa.

Nilimwambia kwanza mambo ya maana: huko kunaanza matope, avae viatu vyenye meno, si zile ndala zake.

"Mama, nina miaka ishirini na tisa."

"Na miguu miwili. Itunze."

Akacheka. Kisha akaniambia kisa cha mgonjwa wake mmoja, wa miaka saba, ambaye leo amevuka hema zima kwa kusukuma kiti cha plastiki mbele yake, hatua moja, kiti, hatua moja, kiti, na wodi yote ikampigia makofi.

"Magongo yakija atakimbia huyu," akasema. "Wote hawa. Wananiuliza kila siku, magongo yetu yamefika?"

"Wote hawa nani?"

"Wanangu wa wodini. Mama, si nilikwambia niko wodi ya watoto? Watu wazima wanapelekwa hospitali ya mjini, hapa wanabaki wachache sana."

Mtandao ukakatika.

Aliniambia, kweli. Aliniambia tangu mwezi wa kwanza kwamba yuko na watoto. Mimi nikawaza homa, surua, kuhara. Sikuwaza miguu. Nilikaa na simu mkononi, nikaangalia kupitia dirishani magongo yaliyoegemezwa kwenye ukuta wa karakana, safu kwa safu. Marefu, yote marefu, kimo cha mume wangu.

Jumatano, 19 Machi

Nimenyamaza. Nimeshona vimito.

Alhamisi, 20 Machi

Nitaandika kila kitu, maana sijatulia.

Jana yote nilikuwa najitetea mwenyewe mbele yangu mwenyewe. Nilisema, hospitali haikosi msumeno, watayakata hukohuko. Nilisema, mimi si seremala, najuaje. Nilisema, wakubwa nao wapo. Chini ya maneno yote hayo kulikuwa na neno moja tu: lori linaondoka kesho, na Twiga anarudi nalo. Nikifungua mdomo, kazi inaanza upya, mvua inanyesha, barabara inafungwa, na mtoto wangu anabaki vitani. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Nikaona bora ninyamaze.

Leo asubuhi nimekwenda karakana kupeleka vimito vya mwisho. Shemeji alikuwa anapiga msasa na anapiga mluzi. Mluzi! Tangu mazishi sijausikia. Nikachukua gongo moja nikalisimamisha karibu yangu. Mimi ni mfupi, najijua. Kimito kilinifika sikioni. Nikamfikiria yule wa miaka saba na kiti chake cha plastiki, anasikia honi ya lori, anatoka na kiti chake mpaka mlangoni mwa hema, anakabidhiwa kitu kirefu kama ngazi. Halafu anamwangalia mwanangu.

Na mimi ni fundi nguo. Maisha yangu yote sijatia mkasi kitambaani bila kumpima mwenye nguo. Wateja wananicheka kwamba hata leso nitaipima. Haya, kazi nzima hii ya kanisa, wanaume kwa wanawake, hakuna hata mmoja aliyeuliza vazi lenyewe ni la nani.

"Shemeji," nikasema, "zima huo mluzi kwanza."

Nikamwambia. Alisikiliza akiwa bado ameshika msasa.

"Umejua lini?"

"Juzi jioni."

"Juzi." Akaweka msasa chini. "Juzi nimeunganisha jozi ngapi, shemeji? Jana je? Ukanitazama tu?"

"Nilimtaka mtoto wangu."

Nilidhani atanitukana, na ningemwachia. Alitazama ukutani, kwenye ule msumari alikokuwa anautundika ubao wa kaka yake.

"Hata mimi namtaka," akasema. "Yule ndiye wa kaka aliyebaki."

Nikasema basi tuyakate miguu leo, lori liondoke kesho. Akatikisa kichwa. Ukikata chini tu, mshikio nao unashuka. Kwapa litakuwa mahali pake na mkono utakuwa magotini, mtoto atatembea kama anayeokota sarafu. Lazima magongo yafunguliwe yote, yakatwe, yatobolewe upya, na mshikio upandishwe.

"Upandishwe mpaka wapi?" nikauliza.

"Ndiyo nakuuliza wewe. Kipimo cha kaka ni cha mtu mzima. Cha mtoto sina, na watoto wenyewe wako ng'ambo."

"Watoto ni watoto," nikamwambia. "Hata hapa tunao, na Jumapili wanajaa tele."

Jioni tumekwenda wote wawili kwa Mchungaji. Nilisema mbele ya Katibu na wazee wengine kwamba nilijua na nikanyamaza. Hakuna aliyenisema. Mke wa Mchungaji alinimiminia chai akaweka sukari nyingi, kama mtu aliyefiwa. Dereva ameambiwa angoje.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua ya kwanza. Ndogo, lakini ndiyo yenyewe.

Jumapili, 23 Machi

Siku ya leo sitaisahau.

Shemeji ameingia kanisani na mlango haujakwama. Alipitia upande wa shule ya Jumapili, penseli sikioni, ubao mpya mweupe chini ya kwapa. Mwalimu wao, binti mpole anayeongea kwa kunong'ona, alikuwa amewapanga watoto kwa urefu, mdogo mbele. Wakaelezwa kwamba kuna watoto wenzao wanaohitaji magongo, na wao ndio watakaotoa vipimo. Ilikuwa kosa kuwaeleza mapema. Kufumba na kufumbua darasa zima likawa linachechemea. Kulikuwa na waliopoteza miguu yote miwili na bado wanakimbizana.

Shemeji alipiga goti mbele ya wa kwanza. Mimi nilikuwa na futi yangu ya kushonea shingoni, napima kwapa hadi sakafuni, yeye anatia alama ubaoni. Akamfundisha mtoto kunyoosha mgongo, akaweka gongo la majaribio, kisha akapenyeza vidole viwili kati ya kimito na kwapa.

"Vidole viwili viingie," akasema. "Visipoingia, linambana mishipa, mkono utakufa ganzi. Vikiingia vitatu, anajikunja. Viwili tu."

"Kwa nini viwili, babu?" mtoto akauliza.

"Babu nani? Viwili, kwa sababu kaka yangu alisema viwili."

Mtoto akaridhika. Watoto wanaheshimu sababu kama hizo.

Wa mwisho nyuma alikuwa msichana mnene mwenye maswali. Alipopimwa alikataa kuondoka. Alitaka kujua huyo mwenye kimo chake kule anaitwaje. Mwalimu akanong'ona kwamba hatujui. Msichana akafikiri, akasema basi aambiwe kwamba gongo lake limejaribiwa na mimi, na haliteguki. Alilirukia mara tatu kuthibitisha. Shemeji alicheka mpaka akaketi chini sakafuni, na watoto wakaona ni ruhusa, wakamrukia yeye.

Nilikuwa nikidhani huyu mtu ameniachia msiba peke yangu. Leo nimemtazama pale sakafuni, watoto wamemjaa mgongoni, nikaona kwamba alikuwa na msiba wake na hakuwa na pa kuuweka. Kaka mtu alikuwa naye tangu tumboni mwa mama mmoja, mimi nilikuja baadaye na mashuka ya harusi.

Jumatano, 26 Machi

Mvua. Wanaume wanakuja karakana wakitoka kazini, na sasa wanajua skrubu ni ya bisibisi.

Jumapili, 30 Machi

Mvua. Wanawake tumepunguza vimito. Pamba iliyobaki mke wa Mchungaji ameitazama kwa huzuni.

Jumanne, 1 Aprili

Tumegombana, mimi na shemeji, na ni vizuri, maana ugomvi wetu ndio afya yetu. Magongo yote yameshafunguliwa na kufungwa upya, ya wadogo, ya wa kati, ya wakubwa kidogo. Mengine yana matundu ya akiba ili yarefushwe mtoto akikua, ndiyo akili aliyoipata juzi usingizini. Imebaki jozi moja pembeni, ile ya kwanza kabisa, aliyoikata kwa ubao wa marehemu siku aliyofungua kufuli. Hataki kuigusa.

"Hii haikatwi."

"Mbao zimekwisha, kuna mtoto atakosa!"

"Hakuna atakayekosa, nimeongeza jozi kwa mbao za mlango wangu wa uani. Hii inakwenda hivihivi."

"Itamfaa nani, mnara?"

"Si Twiga alisema wakubwa wapo wachache? Haya, mchache mmoja huyo."

Nikamwita mkaidi. Akakubali kwamba ni mkaidi, akaifunga jozi yake kwa kamba na kuipakia mwenyewe.

Jumatano, 2 Aprili

Lori limeondoka asubuhi, mvua ikinyesha. Mchungaji aliomba kwa ufupi, jambo ambalo kwa Mchungaji ni muujiza. Dereva akasema akikuta njia iko wazi atafika, atashusha, atageuza na Twiga siku hiyohiyo.

Jumapili, 6 Aprili

Amefika! Jana jioni. Dereva amempigia Mchungaji, Mchungaji akatangaza, watu wakasimama na kupiga makofi. Msichana mnene aliuliza kwa sauti kama gongo lake limefika nalo.

Jumatatu, 7 Aprili

Barabara imefungwa. Mto umebeba daraja usiku uleule waliposhusha mzigo. Lori liko kule, dereva yuko kule, na mwanangu yuko kule. Mpaka masika yaishe.

Nimekunja mashuka niliyokuwa nimeyatandika. Kisha nikayakunjua, nikayatandika tena. Ningenyamaza siku mbili zaidi, leo angekuwa jikoni ananifunulia masufuria. Nimelia kidogo, nimemaliza. Sijuti. Najiuliza tu kama ni dhambi kutojuta na bado kuumia.

Jumanne, 8 Aprili

Shemeji amekuja barazani. Hakusema pole. Amerekebisha stuli ambayo haikuwa imevunjika.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua.

Jumapili, 20 Aprili

Pasaka. Twiga amepiga, sauti yake safi kabisa. Nimefungua spika ili shemeji naye asikie, kule barazani anakokaa.

Yule wa miaka saba anatembea. Kwa kweli hatembei, anakimbia, na wenzake wanashindana naye kati ya mahema, na manesi wanaruka pembeni kama kuku. Kuna msichana ambaye gongo lake ni lile lililojaribiwa na msichana wetu. Ujumbe ulifika, dereva aliushika neno kwa neno. Amejibu kwamba naye amelirukia, na ni kweli, haliteguki.

"Na wewe?" nikauliza. "Unakula? Umevaa viatu?"

"Niko salama, Mama. Siku hizi nafanya kazi nikiwa nimekaa zaidi."

"Wamekupandisha cheo?"

"Kama hivyo," akasema, akacheka. Nikasikia na dereva anacheka nyuma yake. Nilifurahi kwamba wana furaha.

Jumanne, 29 Aprili

Redio imesema mapigano yamesogea kwenye mkoa wa hospitali yao. Nimempigia, hapatikani. Nimepiga tena.

Ijumaa, 2 Mei

Hapatikani. Watu wa kanisa wanakuja, wanakaa, wanaomba, wanaondoka. Katibu amekuja peke yake, bila ajenda, ameketi nusu saa bila kusema neno. Sikujua kwamba anaweza. Alipoondoka nilikuta amenifagilia uwanja.

Shemeji anakuja kila siku jioni, mvua isimzuie. Anaketi barazani, mimi naketi mlangoni, katikati yetu kuna kizingiti. Leo nimemwambia, "Kama angerudi na lori la kwanza, shemeji."

"Ndiyo."

"Hunionei hasira?"

"Za nini?"

"Mimi niliyesema."

Akaisogeza ndoo kwa mguu. Matone yalikuwa yanadondoka kutoka bati hadi kwenye ndoo.

"Kaka angekupiga busu mbele za watu," akasema. "Na mimi ningekufa kwa aibu."

Nimecheka huku machozi yananitoka. Nikamwambia aingie ndani, kuna baridi. Akatazama viatu vyake. Safari hii vumbi la mbao lilikuwepo kweli, karakana haijafungwa tena tangu mwezi wa tatu. Akakataa.

Jumatatu, 5 Mei

Hapatikani.

Alhamisi, 8 Mei

AMEPIGA. Mnara wa simu ndio ulioanguka, hospitali haikuguswa. Milio waliisikia mbali, watoto wakaimba kwa sauti kubwa ili wasiisikie. Mungu ni mwema, na nimewaambia majirani wote, hata ambao hawakuuliza.

Jumatano, 14 Mei

Mvua ndogo. Nimepata nguo ya harusi kushona. Bibi harusi nimempima mara tatu.

Ijumaa, 23 Mei

Jua, siku ya tatu mfululizo. Wanasema daraja la muda linajengwa.

Alhamisi, 29 Mei

Lori limevuka mpaka. Nimefua mashuka tena, kwa mara ya ngapi sijui, yameanza kupauka.

Jumapili, 1 Juni

Lori liliingia uwanja wa kanisa ibada ikiendelea. Mchungaji alikuwa bado hajamaliza hoja yake ya pili, lakini alipoona amebaki na Katibu peke yake akatoka naye.

Dereva alishuka kwanza. Alizunguka upande wa pili, akafungua mlango, akanyoosha mikono kama anayepokea mzigo wa mayai. Nikaona mguu mmoja mrefu. Kisha nikaona bandeji ngumu ya plasta, nyeupe na chafu, yenye michoro ya watoto kuanzia kisigino hadi chini ya goti. Kisha magongo mawili marefu, yenye vimito vilivyojazwa pamba kama mipira, na juu yake mwanangu.

Nilipenya katikati ya watu mpaka mlangoni mwa lori.

"Mama, kabla hujasema," akasema Twiga, "najua. Asiyesikia la mkuu."

"Bomu?" nikauliza.

"Ndala."

Aliteleza kwenye matope siku ileile lori lilipofika, anashusha magongo. Alivunjika hapohapo, mbele ya watoto wote, ameshika jozi mbili. Mfupa wa kwanza ulikaa vibaya, ikabidi urudiwe, ndiyo maana bado hajavuliwa bandeji. Akamwapisha dereva asiseme. Na hospitalini hapakuwa na gongo la kumtosha mtu wa kimo chake. Yote yalikuwa ya watoto, isipokuwa jozi moja iliyofungwa kwa kamba.

"Nilianguka mara nne siku ya kwanza," akatuambia. "Yule wangu wa miaka saba ndiye aliyenifundisha. Alikuwa anasimama mbele yangu na magongo yake, ananiambia, usitazame chini nesi, nitazame mimi."

Shemeji alikuwa amesimama kando. Hakumsalimia. Alimwendea, akapiga hatua ya mwisho taratibu, akanyoosha mkono na kupenyeza vidole viwili kati ya kimito na kwapa la mtoto wa kaka yake. Viliingia. Alijaribu cha tatu, hakikuingia. Akaangalia mshikio, mkono wa Twiga umekunjika kidogo tu, kama inavyotakiwa.

"Kaka hajakosea," akasema. "Hajakosea hata kidogo."

Twiga akamwegemea, magongo na yote. "Nilijua ni ya Baba," akamwambia. "Nilipoyashika tu, baba mdogo. Yalinifika."

Watu waliimba, sikumbuki wimbo gani. Msichana mnene aliomba kujaribu magongo ya nesi, akakataliwa, akanuna.

Tulikuja nyumbani kwa miguu, polepole, si mbali. Twiga alitangulia akatuonyesha mbwembwe alizofundishwa na watoto. Alipopita mlangoni akainamisha kichwa kama baba yake. Mimi nikafuata, nikaenda jikoni kuweka maji ya chai, na niliporudi nikakuta shemeji ameketi sebuleni, kwenye kiti cha kaka yake, mguu wa Twiga uko mapajani mwake, anasoma michoro ya bandeji mmoja mmoja na kuuliza huyu ni nani, na huyu je.

Kuanzia mlangoni mpaka kwenye kile kiti kuna alama za viatu na vumbi la mbao. Sijafagia.